Cherehani Iliyozaa Nyanya

Mama Pindo alipohamia kwa bintiye, ghorofa ya nne, alipandisha vitu viwili tu vya maana: cherehani yake ya kukanyaga na makopo sita ya rangi yaliyojaa udongo na miche michanga ya nyanya. Cherehani ilibebwa na wanaume wanne, na inasemekana tangu siku ile wote wanne wamepungua urefu vidole viwili viwili. Makopo aliyabeba mwenyewe, moja moja, akipumzika kila baada ya ngazi saba na kuyaambia yasiogope.

Jina la Pindo alilipata kazini. Miaka arobaini alikunja mapindo ya sketi, mapazia na suruali za wafupi wanaojidai warefu. Na miaka hiyo hiyo hakuwahi kununua nyanya. Alikwenda uani na bakuli tupu, akarudi na bakuli limejaa. Sasa magoti yamegoma, nyumba imerudi kwa mwenyewe, na yeye kapewa kitanda kizuri, chai kabla hajaiomba, na neno "pumzika" mara kumi kwa siku. Binti hakuwa na ubaya wowote. Ila Mama Pindo alijiona mgeni, tena mgeni asiye na siku ya kuondoka. Alitaka mkono wake uingie kwenye sufuria ya nyumba ile, japo kwa nyanya moja.

Binti alikuwa muuza viatu. Mchana kutwa alipima miguu ya watu, jioni akapima sebule.

"Mama, hapo dirishani ulipopanga makopo ni pa kochi langu. Nimeshaliagiza."

"Linakuja lini?"

"Seremala kasema mwezi mmoja."

"Basi miwili."

Wakacheka, wakapatana. Siku kochi litakapofika, kila kopo lenye tunda, hata liwe dogo kama kifungo cha shati, litabaki. Lisilo na kitu litashuka chini, likaangaliane na mapipa ya taka getini.

Miche ikarefuka, ikachanua maua ya njano, na Mama Pindo akaanza kutembea shingo juu. Halafu maua yakadondoka. Kila asubuhi aliyakuta sakafuni kama vipande vya uzi chini ya meza ya fundi. Akaongeza maji, akapunguza maji. Akayabembeleza, akayatukana kidogo, akayaomba radhi. Wapi.

Kopo moja tu lilishika matunda, matatu. Hilo lilikosa nafasi dirishani, likawekwa pembeni mwa meza ya cherehani. Mama Pindo akafanya alivyozoea kuwafanyia wanafunzi wake wa ushonaji: hodari akampandisha cheo. Kopo lile akalihamishia katikati ya dirisha, penye jua la kwanza, na lililokuwa pale akalishusha kwenye cherehani, iwe adhabu yake.

Haikupita wiki. Lililopanda cheo likaanza kumwaga maua, lililoadhibiwa likashika matunda mawili.

"Makopo haya yana kiburi," akamwambia bintiye. "Ukiyasifu yanavimba kichwa."

"Labda udongo, Mama."

"Kopo limehama na udongo wake, mwanangu. Fikiri na wewe."

Akaweka kopo la tatu kwenye adhabu. Siku hiyo hiyo ikasikika hodi. Alikuwa nesi anayekaa chini yao, macho mekundu.

"Shikamoo, bibi. Mimi nafanya zamu ya usiku, nalala mchana. Nikilala tu, dari yangu inapiga ngoma."

"Marahaba. Mbona hukusema mapema?"

"Nimesema. Kila siku nagonga dari kwa mpini wa fagio."

"Kumbe ni wewe? Mimi nilidhani mabomba ya maji. Nikawa nashona kwa kufuata mdundo wake."

Nesi hakujua acheke au alie. Mama Pindo akaona haya, akaifunika cherehani kwa shuka. Na kopo la tatu, pamoja na adhabu yake yote, likadondosha maua kama mengine.

Siku ya nne akaketi mbele ya cherehani bila uzi wala kitambaa, mguu unawasha kwa hamu. Akakanyaga mara moja tu. Meza ikatetemeka, maana cherehani ile ikikimbia, vikombe vya kabatini husalimiana. Na kwenye ua lililokuwa karibu na pua yake ukadondoka unga wa njano, laini kama vumbi la chaki. Akakanyaga tena. Unga tena.

Akageuka kulitazama dirisha lililofungwa. Kule uani palikuwa na upepo na nyuki, kazi ikifanyika bila yeye kuulizwa. Hapa ghorofa ya nne nyuki angefika hoi, aombe maji kwanza. Maua yalikosa wa kuyatikisa ili unga wake uzae, basi. Kiburi kilikuwa cha mwenye makopo.

Akajaribu kutikisa kwa mkono. Mkono uliozoea kuvuta mapazia mazito ukang'oa tawi zima. Akashuka ngazi, goti moja likimlaumu mwenzake.

"Mwanangu, saa nane na nusu mchana unakuwa umeamka?"

"Niko jikoni."

"Basi nipe nusu saa kila siku. Nataka kutikisa nyanya."

Nesi akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Huna homa."

"Najua. Nina makopo manne."

Alipokuwa akieleza, jicho lake likaangukia sare ya nesi iliyoning'inia mlangoni. Pindo lake limeshikiliwa kwa pini za karatasi. Mama Pindo akafumba macho kama aliyeona ajali. "Lete hiyo," akasema. "Na zingine zote."

Ndivyo sare za nesi zilivyopata mapindo ya kudumu miaka mia, huku makopo yakipanda meza ya cherehani mawili mawili, kwa zamu.

Kochi likafika Jumamosi, mwezi wa pili ukiisha. Binti akakagua kwa kuinama, kama anayepima kiatu. Makopo matano yana matunda. La sita lina ua moja.

Mama Pindo hakulitetea. Mapatano ni mapatano. Binti akalibeba hadi mlangoni, akasimama. Akalitazama lile ua. Akarudi, akalitua kwenye cherehani, akakaa kwenye kiti ambacho tangu utotoni alikataa kukikalia.

"Unakanyaga hivi?"

"Kisigino kwanza."

Vikombe vikaanza kusalimiana. Mara kutoka chini mpini wa fagio ukagonga, mara mbili. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasorobo.

Binti akainua mguu, akaenda kuketi kwenye kochi lake jipya. Jani la nyanya likamgusa sikio, asilisukume.

"Tunasubiri nane na nusu, Mama?"

"Tunasubiri," akasema Mama Pindo, akaenda kutafuta bakuli.