Hoteli Nilizochagua Mimi, Fungate Kapewa Shemeji

Admin naomba unifiche jina, na ninyi mtakaokuja kwenye comment kuniambia "dada muombe Mungu", mnipishe. Nimeshaomba.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, mtu wa Morogoro. Mume wangu ni Mchaga, tuna duka la vitambaa vya mapazia hapa Kariakoo na kaunta nakaa mimi. Kila Desemba tunafunga duka tunaenda kwao Moshi, nachinja kuku na kuosha masufuria ya ukoo mzima. Tangu niolewe sijawahi kulala sehemu ya kupumzika isiyo na mawifi.

Mwaka huu ndoa yetu inatimiza miaka kumi. Nikamwambia mume wangu, safari hii tutoke mimi na wewe tu, tuchukue gari, Bagamoyo, Pangani, mpaka Tanga. Akanijibu, "Wewe chagua hoteli, mimi nitaendesha."

Jamani, nilichagua! Duka likipoa nashika simu, naangalia vyumba. Nikikuta pazia limechakaa, napita. Nikasoma mtu kalalamika jenereta linanguruma chini ya dirisha, napita. Nilikuwa nawapigia mapokezi wenyewe: kitanda kinatazama bahari au kinatazama magari? Jikoni wanapika pweza? Jirani yangu wa duka la vyombo, mama mmoja wa Kihindi, ndiye aliyenishauri, "Pangani kaa zaidi, Tanga mjini lala siku moja tu inatosha." Pangani nikapata kibanda cha watu wawili peke yao, na baraza lake. Nikaweka nafasi zote kwa jina langu. Usiku namwonyesha mume wangu picha, anasema, "Pazuri," huku anaangalia mpira.

Wiki moja kabla ya safari, mdogo wake akaoa. Tuko ukumbini, mimi nimekaa meza ya mbele na kitenge cha familia, mume wangu akaomba kipaza sauti. Akasema, "Mimi na mke wangu tumeamua kuwapa maharusi zawadi ya fungate. Bagamoyo, Pangani mpaka Tanga! Hoteli kachagua mke wangu mwenyewe, moja baada ya nyingine!"

Vigelegele. Mama mkwe akaja kunikumbatia, "Mwanangu, Mungu akubariki." Kwenye video naonekana natabasamu, na huyo mtu anayetabasamu simjui.

Kwenye gari nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Ningekuambia ungekataa."

"Na sherehe yetu ya miaka kumi?"

"Yetu tutafanya hata mwakani. Mdogo wangu anaoa mara moja. Halafu sisi na watoto wawili, tukalale hotelini tunatafuta nini?"

Hayo ndiyo maneno yaliyonimaliza. Kumbe wakati mimi nauliza kitanda kinatazama wapi, mwenzangu alishaona hakuna cha kutafuta kwangu.

Sikugombana. Siku ya maharusi kuondoka nilipiga simu kwenye zile hoteli nikawaambia, mgeni ni mmoja, ni mimi, na chumba asipewe mwingine yeyote. Watoto nikawaacha kwa dada yangu Buguruni, nikapanda basi la Bagamoyo.

Maharusi waliingia mchana na gari letu, alilowapa mume wangu, mimi nipo barazani kwenye hoteli ya Bagamoyo nakula pweza. Shemeji kashika sanduku, kaganda.

"Shemeji, umefuata nini huku?"

"Chumba changu," nikamjibu.

Akacheka akidhani utani. Akaenda mapokezi, dada wa pale akamwambia kwa adabu kwamba chumba ni cha yule mama. Bi harusi akaanza kulia palepale, kope za bandia zinabanduka. Shemeji akampigia kaka yake, akaniletea simu.

Mume wangu akafoka, "Unanidhalilisha mbele ya ukoo wangu?"

Nikamwambia, "Wewe ulitumia kipaza sauti. Mimi natumia jina langu."

Wakaondoka. Nasikia walilala kwenye nyumba ya wageni barabarani, asubuhi wakarudi Dar. Mimi nikaendelea mpaka Pangani. Nililala peke yangu kwenye kile kibanda, nikalia, nikaogelea, nikala, nikalia tena. Tanga sikufika.

Niliporudi dukani nilikuta kaunta amekaa binti wa shangazi yake. Ukoo umeshakaa kikao bila mimi. Mawifi wananiita mchawi wa ndoa za watu. Mama mkwe ametoa masharti: niende Moshi na jani la sale mkononi, lile ambalo kwa Wachaga ukienda nalo kuomba msamaha hukataliwi, nipige magoti mbele ya shemeji na mkewe, ukoo wote ukiwepo. Mume wangu anasema nisipokwenda, duka nisilikanyage, na nyumbani nifikirie mwenyewe. Nilipomuuliza yeye ataniomba lini msamaha, alinijibu, "Kwa kosa gani?"

Kitu kimoja tu kinanichoma. Bi harusi alinitumia meseji: "Dada, mimi sikujua. Ningejua ni ya kwenu nisingekubali." Huyu binti hakunikosea. Kwake yeye ningepiga magoti hata leo, chumbani kwake, tukiwa wawili. Lakini wao hawataki nimuombe yeye, wanataka nionekane nimepiga magoti.

Hilo duka nimelijenga na huyu mwanaume tangu tunatandaza vitambaa chini Mchikichini. Nikikataa naliacha. Nikikubali, kila nitakachochagua maisha yangu yote kitapewa mtu mwingine, na mimi nitapiga makofi.

Wanawake mlioolewa kwenye koo kubwa, na wanaume pia mseme bila kupindisha: sale nibebe, nisibebe?