Mikeka Iliyolowa

Juzi mvua ilipokatika niliona uani mkeka uliolowa, umekunjwa na kuegemezwa ukutani, nikashtuka kama mtoto.

Nilipokuwa mdogo, mama aliniacha kwenye shule ya upanga wa Kijapani, pale Guangzhou, akaenda soko la Shahe kuchukua mzigo wa nguo. "Tulia hapa, baba, nakuja sasa hivi."

Ukumbi ulinuka jasho na majani mabichi. Mbele yangu ilisimamishwa mikeka iliyokunjwa, kimo changu hasa, ikichuruzika maji. Mkeka wa hivyo nilikuwa nimeuona mara moja tu, Unguja, siku bibi alipotolewa nyumbani akiwa ndani yake. Nikajua humo mna watu, tena wameshaoshwa.

Mwalimu akachomoa upanga. Fyaa! Kipande kikaanguka, nami nikajikojolea. Akapiga magoti, akaniwekea kile kipande mikononi nichungulie.

Mama alinikuta nalia. "Umeumia?"

"Hamna mtu ndani, mama."

"Si ndiyo vizuri, mwanangu!"

Siku hizi najua mikeka ile huloweshwa ili ikatike vizuri. Siku ile nilijua jambo moja tu, na lilinitisha kuliko upanga: kama ndani hamna mtu, bibi alikwenda wapi?