Kasuku Miguu Juu

Korona ilipotufungia majumbani hapa Campbelltown, Australia, kijana mmoja wa kanisa letu ndiye aliyetutengenezea tableti za wajukuu. Sisi akina nyanya tungejua nini? Alikaa mezani kwangu, akala chapati zangu, akamfundisha mjukuu wangu wa kike kuingia darasani. Jumapili aliwafundisha watoto wa kanisa zima Biblia kwa Zoom.

Kumshukuru, nilimshonea shati la kitenge cha kasuku. Mfuko nikaukata vibaya, kasuku akawa miguu juu, kichwa chini. Nikamwambia, "Lete nirekebishe."

Akacheka. "Acha tu, Mama. Nani ataona?"

Niliona mimi. Televisheni ilionyesha mwanamume aliyekwenda kukutana na msichana wa miaka kumi na mitatu. Kumbe msichana hayupo. Waliokuwa wakimwandikia mtandaoni kwa jina la msichana ni watu wazima wenye kamera, wanaowanasa wanaume wa aina hiyo. Uso wake waliuficha. Shati hawakulificha. Kasuku wangu yule pale, miguu juu! Alijipamba kwa kazi ya mikono yangu ndio aende kwa mtoto. Nilitema mate kwenye zulia, tena langu mwenyewe.

Wiki mbili hakuonekana. Aliporudi kwenye Zoom alisema eti alikuwa karantini. Pasta akatangaza kwamba darasa la watoto linaendelea. Nikamwambia mjukuu anifungulie sauti.

"Shosho, please, don't."

"Fungua!"

Nikainua masalio ya kile kitenge mbele ya kamera. "Mwanangu, hebu vaa lile shati nililokushonea, tulione."

"Liliharibikia kwenye mashine ya kufulia, Mama."

"Kabla ya kwenda nalo kwenye televisheni, au baadaye?"

Pasta akaingilia. "Mama, tusihukumu. Uso haukuonekana."

"Uso sikuushona mimi, Pasta. Nilishona mfuko."

Kijana akazima kamera. Pale alipokuwa pakabaki peusi, na akina mama wakaanza kuwaita watoto wao watoke. Darasa lile lilikufa hapo hapo.

Polisi walimchukua, leo yuko jela, na pasta bado ananihimiza nisamehe. Mungu ana kazi yake, nami nina yangu. Yale masalio niliyashona kuwa kitambaa cha kufutia miguu, nikakitandika mlangoni, kasuku wakitazama juu. Pasta alipokuja kunitembelea alikitambua, akasita, mguu mmoja hewani.

"Kanyaga," nikamwambia. "Na usugue vizuri."