Watu Wanane wa Nyumba Yetu

Mji tunaokaa una meya, madiwani watano, karani mmoja, polisi wachache wenye magari yanayong'aa kuliko langu, na gari moja la zimamoto. Ukitoka Haltom City, huku pande za Dallas, ukashika barabara ya kaskazini, ukikohoa mara mbili umeshaupita. Duka ni moja tu, lile la kituo cha mafuta. Nilipohamia hapa kutoka kwenye apatimenti za Irving, nilikokaa miaka sita ndege zikipita juu ya dari, nilijiuliza: kamji kama haka kanataka meya wa nini? Anatawala nini, majani?

Kumbe ndiyo, anatawala majani. Yakirefuka, anakuja mtu na rula. Pipa la taka likilala barabarani siku ya pili, unakuta karatasi mlangoni. Ukiegesha gari kwenye nyasi, karatasi. Na karatasi zenyewe zina adabu, zinaanza na "Mkazi Mpendwa" zinaishia na tishio. Mimi nimekulia Morogoro. Mtu wa ofisini akiniita mpendwa, naanza kutafuta mlango wa kutokea. Kule Irving niliwahi kupokea barua ya kunitakia sikukuu njema. Ukurasa wa pili ukanitaka nihame. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huu mji ni unyasi mtupu.

Mwaka ule nyumba yetu ilikuwa imejaa. Mke wangu, ambaye ni nesi, alikuwa amejifungua mtoto wetu wa pili, na mama yangu mzazi alikuja kutoka Morogoro kulea. Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alifundisha watoto kuandika kwa miaka mingi hata akiandika orodha ya sokoni utadhani ni cheti. Halafu ikaja ile wiki ya barafu. Mke wangu alikuwa na mwenzake kazini, mama mmoja wa Kikongo anayefua nguo za wagonjwa, ana mabinti wawili na mume alishafariki huko nyuma. Walikuwa wanakaa Vickery Meadow, kule Dallas. Paipu ya maji ikaganda ikapasuka, dari ikawaangukia kitandani. Mke wangu akanipigia simu akiwa zamu, akasema, "Nakuja na watu watatu." Hakuuliza, alitaarifu.

Walikuja kwa wiki mbili, wakakaa miezi mitatu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini yule mama jembe alilishika mwenyewe tangu asubuhi ya kwanza. Nikirudi kutoka uwanja wa ndege, ambako napanga makaratasi ya mizigo, nakuta nguo za wote zimekunjwa, na mama yangu amekaa naye jikoni wanachambua mboga, wanacheka Kiswahili chao, mmoja cha Moro, mmoja cha Bukavu. Yule binti mkubwa alikuwa na miaka tisa. Kwenye shule yake ya kwanza alikuwa hasemi kabisa. Hapa kwetu akaanza kusema, akaanza hata kubishana. Kila mtu alijua kwamba wakitoka hapa kabla nyumba yao haijakarabatiwa, hawana pa kwenda ila kubanana chumbani kwa mtu, na mtoto abadilishwe shule tena.

Basi siku moja, mama na mke wangu wamepeleka kichanga kliniki, mgeni wetu yuko kazini, mlango ukagongwa. Alikuwa bwana wa kanuni, yule mwenye rula. Akavua kofia. Akasifia maua ya mke wangu. Mtu wa serikali akianza na maua, jua mzigo uko nyuma.

Akasema ofisi ya mji imepata taarifa kwamba humu wanaishi watu wanane. Hakuna ubaya, akasema, ila kanuni ya mtaa huu ni nyumba moja familia moja. Watu wasio na undugu wana kikomo chao. Anataka tu kujua nani ni nani. "Ni jambo dogo," akasema, "tunaweza kulimaliza hapa hapa mlangoni."

Jambo dogo! Nimezaliwa jana? Nikamwambia kama wana swali walilete kwa maandishi. Akanitazama kidogo, akavaa kofia yake, akaenda. Wiki iliyofuata ikaja karatasi: nifike mbele ya baraza la madiwani, Jumanne ya pili ya mwezi, saa moja jioni.

Mama sikumwambia. Ana presha, na nilikuwa najua akisikia neno baraza atataka kuja na kuvaa kitenge chake kizuri. Nikawaamuru na wengine wote wafunge midomo. Kisha nikaanza uchunguzi wangu.

Wa kwanza alikuwa mzee wa nyumba ya mbele, Mzungu mstaafu anayemwagilia maua saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kunipungia mkono. Nikaacha kumpungia. Siku tatu akaendelea kupunga peke yake, ya nne akaacha, nami nikasema moyoni, umeona? Dhamiri inamsuta. Nikamsimulia rafiki yangu Mkenya tunayefanya kazi pamoja. Yeye akasema, "Hao watu usiwaambie kitu, buda. Wakikuuliza swali, jibu swali. Usiongeze hata salamu. Kila kitu unasema wana-record."

Lakini lililoninyima raha ni ile hesabu. Wanane. Jirani anaweza kuhesabu magari, anaweza kuhesabu mifuko ya taka. Hawezi kuhesabu kichanga cha miezi minne ambacho hakitoki nje ila kwenda kliniki, nako kikiwa kimefunikwa. Aliyesema wanane alihesabu akiwa ndani. Nikawa natembea na msemo mmoja kichwani kutwa nzima: kikulacho ki nguoni mwako.

Ndani ya nguo zangu mgeni alikuwa mmoja tu. Jumapili watu wa kanisani kwao walikuwa wanampitia na basi dogo, wanapiga honi, wanashuka, wanasalimia nyumba nzima. Nikamfuata jikoni. Alikuwa anapeta mchele. Nikamuuliza, tena kwa sauti ambayo mke wangu huiita sauti ya askari jela, amemwambia nani kwamba anakaa hapa.

"Yaya, miye sikuambia mutu," akasema, na yaya kwao ni kaka mkubwa. "Niambie nani? Kanisani wanajua niko kwa ndugu, basi."

Nikamwambia maneno mengi ambayo leo sipendi kuyakumbuka. Mojawapo ni kwamba nyumba yangu si kambi. Hilo nalikumbuka kwa sababu aliacha kupeta, akaweka ungo chini polepole, akasema, "Ndiyo, Yaya," kisha akauchukua tena akaendelea.

Jumanne ikafika. Mke wangu alikuwa zamu, mama akabaki na watoto wadogo. Yule mama wa Kikongo akasema atakuja, maana shauri ni lake, na akamchukua binti mkubwa amtafsirie. Jengo la mji limeshikana ukuta na kituo cha zimamoto. Kuna bendera mbili, viti vya kukunja, na birika la kahawa. Mzee wa nyumba ya mbele alikuwa ameshakaa, mstari wa kwanza. Nikasema ndiyo huyu, kaja kuona kazi yake. Baadaye niliambiwa huwa hakosi kikao hata kimoja, anakuja kwa ajili ya kahawa.

Kikao kikafunguliwa kwa sala. Nikainamisha kichwa, jicho moja wazi. Kisha wakajadili mtaro. Nusu saa nzima, watu wazima wenye akili zao wakijadili mtaro mmoja nyuma ya kanisa, uzibuliwe kwa upande upi. Kisha mbwa wa mtu. Nilikuwa nawatazama mmoja mmoja nikitafuta yupi ndiye mwenye mji, kwa sababu kila mahali kuna mmoja. Meya alikuwa bibi mwenye nywele nyeupe na sweta la kufuma. Nikaona huyu ndiye hatari kuliko wote.

Akaniita mbele kwenye kipaza sauti. Akanishukuru kwa kuja. Akatazama karatasi iliyokuwa mbele yake, akatabasamu, akauliza: "Huyu mama na watoto wake wawili, ni familia yako?"

Nikaiona mitego yote kwa mpigo. Nikisema ndiyo, watataka vyeti, nitakuwa nimeidanganya serikali kwenye kipaza sauti, na mimi uraia wangu bado una wino mbichi. Jibu swali, usiongeze hata salamu. Nikasema, "Hapana. Hatuna undugu."

Bibi yule akaacha kutabasamu. Akaitazama ile karatasi tena, akaniuliza taratibu, utadhani anaongea na mgonjwa: "Una uhakika? Familia kwa namna yoyote ile? Usiharakishe."

Akirudia swali mara ya pili ujue anakufunga kamba. "Nina uhakika," nikasema. "Si ndugu zangu."

Diwani mmoja akaweka kalamu mezani. Wakanong'ona. Wakatoa siku thelathini idadi ya watu ipungue. Meya akasema anasikitika, na mimi nikajisemea sikitika tu, umepata ulichotaka. Nilirudi kwenye kiti nikijiona nimewakwepa. Sikuwaza kwamba nyuma yangu mtoto wa miaka tisa alikuwa anamtafsiria mama yake neno kwa neno.

Tukapanda gari, tukakaribia nyumbani. Ndipo binti akaniuliza kwa Kiingereza, "Anko, sisi ni nani kwako?" Mama yake akamwambia anyamaze. Mimi nikajifanya natazama taa za barabarani.

Siku thelathini hawakuzitumia. Siku ya tano nilirudi kutoka kazini nikakuta chumba chao kimefagiliwa na shuka zimefuliwa. Wamerudi Vickery Meadow, kwa Mkongo mwenzao, watu saba vyumba viwili. Mama yangu nikamdanganya kwamba wamepata nyumba. Akasema mbona yule mama hakumuaga kwa kituo, akanuna. Mke wangu hakununa. Aliacha kuongea nami, jambo ambalo ni baya zaidi.

Hasira zangu zote nikazielekeza kwa aliyetuchongea. Nilitaka jina. Hapa mwananchi ana haki ya kuomba nakala ya karatasi za ofisi, unajaza fomu, unasubiri. Nilijaza. Karani aliponipigia kwamba iko tayari, niliondoka kazini kabla ya muda. Akanipa bahasha. Nikaifungulia ndani ya gari.

Mwandiko niliutambua kabla sijasoma neno. Herufi zimesimama wima, kila i na nukta yake.

Aliyekulia Tanzania ataelewa. Ukipokea mgeni wa kulala, unakwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi unamjulisha: nina mgeni, anaitwa fulani, katoka mahali fulani. Hiyo ni heshima na pia ni kinga, maana likitokea la kutokea, mjumbe atasema huyu namfahamu. Mama yangu alifika hapa, akaona hatujampeleka kwa mjumbe yeyote, akaona aibu kwa niaba yetu. Siku moja aliposema anakwenda kunyoosha miguu, alitembea mpaka jengo la mji akakabidhi barua yake kwa mikono miwili.

Aliiandika kwa Kiingereza cha shule, "Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, ninayo heshima kukujulisha." Akatuorodhesha kwa namba. Mwanangu, mwenye nyumba. Mkwe wangu, nesi. Wajukuu wawili, mmoja mchanga. Mimi mwenyewe, mgeni. Kisha: "Sita, binti yangu, ambaye nyumba yake imeharibiwa na maji. Saba na nane, wajukuu zangu, binti zake. Jumla watu wanane wa familia moja. Tafadhali mtutambue."

Pembeni mtu wa ofisini alikuwa ameandika kwa penseli: Muulize mwenye nyumba. Akisema ni ndugu, funga faili.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilirudi ndani, nikamuuliza karani kama naweza kubadili jibu langu. Akasema faili limeshafungwa kwa kuwa wahusika wameondoka, lakini wakitaka kurudi, niandike mstari mmoja tu kwamba ni familia, basi. Hakuna atakayedai cheti. Niliuandika pale pale kwenye kaunta.

Nyumbani nikamwonyesha mama ile barua. Hakushtuka. Aliuliza kama wameijibu. Nikamuuliza, kwa nini uliandika ni binti yako?

Akanitazama kama mwanafunzi wa nyuma ya darasa. "Sasa ningemwandika nani?"

Jumamosi nikaendesha mpaka Vickery Meadow na nakala ya ule mstari mfukoni. Nikapanda ngazi, nikagonga, nikajiandaa kusema. Mlango ukafunguliwa kidogo, mnyororo ukiwa umefungwa bado. Alikuwa binti mkubwa. Kutoka ndani mama yake akauliza kwa Kiswahili ni nani.

Mtoto akanitazama, hakuonyesha hasira wala nini. Akajibu, "Si mtu wetu, ni yule bwana wa ile nyumba."