Fundi Aliyetafuna Chaki ya Kitambaa

Saa tatu asubuhi, Kidole Chepesi anasimama kwa mara ya nne tangu aketi kwenye cherehani. Anajishika kifua, anakwenda dirishani, anameza mate, anarudi. Sketi ya shule iliyo chini ya sindano haijafika hata kwenye pindo.

"Mwenzetu leo umekalia misumari?" anauliza jirani yake, mama wa makamo anayeshona kola.

"Afadhali misumari, dada. Hiki kiungulia! Nikiinama tu, moto unapanda mpaka kooni."

Ana mimba ya miezi saba, ya kwanza. Jina la Kidole Chepesi alipewa na wenzake kwa kasi yake: sketi kumi na mbili kwa siku. Sasa akijikaza sana, saba. Na chumba hiki cha mashine tisa kina utaratibu wake: mashine isiyotoa kazi hupewa fundi mwingine, na ikishakutoka hairudi, hata ukishajifungua salama. Hilo ndilo linalomkosesha raha.

Mwezi uliopita alidhani amepata dawa. Chaki ya kuchorea kitambaa ilimkatikia mkononi, akaramba kipande. Moto ukapoa. Tangu hapo akawa anatafuna.

"Fundi mkuu akiuliza kwa utani nani anakula chaki, mimi nilikuwa nainamisha uso, mdomo mweupe!" anasema, akicheka kidogo.

Utani huo uliishia pale choo kilipofunga kwa siku sita. Tumbo likawa gumu kama ngoma. Mumewe akamshika mkono hadi kliniki, na huko mwenyewe akaungama habari ya chaki.

"Mwanangu, umebeba mtoto au ubao wa darasani?" muuguzi alimuuliza. "Chaki hiyo haikutengenezwa iingie tumboni. Acha leo hii. Kula kidogo kidogo, kunywa maji, tembea. Ukishakula, usiiname wala usilale." Akampa na dawa.

Choo kilifunguka. "Nilimshukuru Mungu kwa jambo ambalo mtu halitolei shukrani mbele za watu," anasema.

Lakini fundi wa cherehani asiyeinama ni fundi gani? Saa nne anamfuata fundi mkuu, anaomba ahamie meza ya kukatia, ambako mtu hufanya kazi amesimama wima, na atunziwe mashine yake.

"Ukikosea mshono, tunafumua," mzee anamjibu. "Ukikosea mkasi, kitambaa kimekwenda."

"Najua, baba. Nijaribu."

"Nakujaribu mpaka Ijumaa. Ukiharibu pande moja tu, mashine nampa mwingine."

Saa nane mchana yuko kwenye meza ya kukatia. Amekula nusu sahani, nusu nyingine ameifunika ya baadaye. Anapima mara tatu pale ambapo wengine hupima mara moja.

"Mungu akijalia, mtoto akifikisha miezi minne nakaa tena kwenye mashine yangu," anasema, bila kuinua macho.

Anafungua mkasi. Mtoto anapiga teke. Anaufunga, anangoja atulie, kisha anaufungua tena.