Mkanda Uliokazwa Pwani

Walionikaba koo ni watatu. Majina siyaandiki, lakini wenyewe wanajijua: kaka yangu wa Dar es Salaam, mke wake, na daktari wao. Mimi niliishia darasa la saba kule Endabash. Hao wamesoma wote.

Binti yangu alichumbiwa na kijana wa Kimasai wa Nainokanoka, huko juu kabisa Ngorongoro, ambako mchana mtu anavaa koti. Wakati huo nilikuwa nauza chakula Karatu mjini, na nilikuwa mnene, sikatai. Magoti yaliuma. Ila wifi yangu hakuulizia magoti, aliulizia picha. Harusi itapigwa picha, akasema, na watu wake wa Dar wataona ukoo alikoolewa. Yeye mwenyewe alishawekewa mkanda tumboni, na tangu hapo anatembea kama mtu aliyepewa cheo.

Mkanda wenyewe ni kimpira wanachokuvika kule juu ya tumbo la chakula, wakikupasua. Chini ya ngozi wanaacha kitu kama kifuniko cha soda, wanakichoma sindano, wanaingiza maji, mkanda unakaza. Ukikaza, unashiba kwa vijiko viwili vya uji. Ukikaza kupita kiasi, hata uji haupiti. Kaka alilipa, nikawekewa. Nilikubali kwa ajili ya magoti na kwa ajili ya amani.

Wiki ile ya kwenda ukweni, wifi akanirudisha Dar kwa daktari anikaze zaidi, ili nishuke upesi. Nikamweleza yule bwana kwamba kwetu ni juu, na siku chache zijazo napanda juu zaidi, na nimesikia mwanamke mmoja hapo kwenye benchi akisema mkanda wake ulimbana kwenye ndege. Hakunitazama hata usoni. Alikuwa anamchekea wifi.

"Mama, tumbo halijui mlima," akasema, akachoma.

Dar nilikunywa supu ikapita. Karatu uji ukaanza kusitasita. Nikawa natema mate kwenye leso kama mjamzito. Majirani wakaniona ninavyokwisha, wakaja mmoja mmoja, wa Qurus, wa Ganako, kunishauri kwa sauti ya chini nikapime damu. Kwetu mtu akikonda haraka hivyo watu wanaanza kumhurumia. Wifi yeye alifurahi, akanipima kiuno kwa kamba ya fundi na kuagiza gauni.

Siku ya safari tulipita lango la hifadhi, tukaingia msituni, ukungu, kona baada ya kona. Masikio yakaziba. Na kifuani nikasikia kabisa kitu kinajivuta, kama mtu anayekaza kamba ya mzigo huku amekanyaga mzigo wenyewe. Nikamwambia kaka tusimame. Akasema ni woga wa kuozesha. Mtu mzima, ana gari, ana ofisi, na hilo ndilo jibu alilokuwa nalo.

Bomani kwa wakwe walikuwa wamechinja. Wazee wa pande zote mbili wakakaa, lakini mazungumzo hayakuanza, kwa sababu pale kwao mama wa bibi arusi lazima ale kwanza, kutoka mkononi mwa mama wa bwana arusi. Asipokula, amekataa nyumba. Binti yangu alinieleza hayo mapema na nikamwahidi. Kwa hiyo yule mama alipokata kipande cha ubavu akaninyooshea, nilikipokea. Nikatafuna mpaka kikawa kama uzi. Nikameza.

Kikasimama.

Sikuweza kupandisha wala kushusha. Mate yakajaa mdomoni, macho yakatoka. Wifi akajua ni nini, maana naye anao, lakini badala ya kusema ukweli mbele za watu akaninong'oneza, "Meza, wifi, usituaibishe." Kisha akaomba kwa sauti tamu niletewe supu, ile yao ya mizizi, chungu, isukume. Yeye mwenye mkanda, anamwagia supu juu ya nyama iliyoziba. Kaka akanishikia bakuli. Nikanywa, ikarudi yote, pamoja na nyama, mbele ya wakwe.

Yule mama akatazama kipande chake pale chini.

"Nyama yetu ina nini, mama?"

Wifi akadakia kwamba nina mafua. Mafua. Ndipo binti yangu akapiga magoti akasema, "Aayo, mama yangu, amefungwa mpira tumboni ili apungue. Walimkaza Dar." Hakuna mwingine katika ukoo mzima aliyethubutu kusema hivyo.

Yule mama akaomba aelezwe tena kwa Kimasai. Kisha akaniuliza mimi, si wao:

"Ndama tunamfunga miiba puani asinyonye. Wewe nani amekufunga?"

Sauti sikuwa nayo, lakini mkono nilikuwa nao. Nikamwonyesha kaka, nikamwonyesha wifi. Akawatazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyeuziwa akiwa mgonjwa. Akakata kipande kingine, akampa binti yangu, akasema mdomo wa mtoto ulitoka kwa mama, ukila, mama naye amekula. Binti akala. Wazee wakakohoa, mazungumzo yakaanza.

Sikuyasubiri. Yule mama aliagiza niteremshwe. Maji yalikuwa hayapiti hata tone, mpaka tulipomaliza msitu na kuanza kuona mashamba ya Karatu, nikanywa funda, likashuka. Hospitali walivuta maji ya mkanda kwa sindano. Daktari wa pale akasema huenda yalibaki mapovu ya hewa ndani, yakavimba juu, au nilikaukiwa maji mwilini, njia ya chakula ikavimba, hawezi kuapa. Angalau yeye hakuapa. Kaka alipompigia daktari wa Dar, jibu likawa lile lile kuhusu tumbo na mlima, na wifi akalipokea kama andiko.

Nilikataa kujaziwa tena. Nikaanza kula, mwili ukarudi, na magoti yanauma kama zamani.

Harusini gauni aliloniagizia wifi halikupanda hata mabegani. Nikavaa kitenge changu. Mpiga picha alipotupanga, wifi akanisogeza nyuma, nyuma ya watu warefu. Yule mama wa Nainokanoka akatoka kwenye nafasi yake, akanishika mkono, akanisimamisha mbele, kati yake na binti yangu. Wifi yumo kwenye hiyo picha. Ukitazama sana unaliona sikio lake, nyuma ya bega langu.