Samaki Kwenye Kidole cha Mama

Rangi ya kucha ikifunguliwa kwenye chumba kidogo, harufu yake haiombi ruhusa. Inapanda puani, inawasha macho, inakaa kwenye pazia mpaka kesho yake. Kwetu, mtaa wa Mirongo, ilikutana na harufu nyingine iliyokuwa mwenyeji, ya sangara, maana mama alikuwa anakata minofu kwenye kiwanda kimoja cha samaki kando ya ziwa, na hata akioga kwa sabuni na limau, samaki alibaki kwenye nywele na kwenye mikunjo ya viganja. Watu wengine wakikumbuka utoto wao wanakumbuka maandazi ya asubuhi au mvua ya kwanza ikigonga vumbi. Mimi nakumbuka sangara na rangi ya kucha kwa pamoja, na mtu akinikunjia pua nikimweleza, namwacha na pua yake.

Ilikuwa ile miaka ya tisini vitu vilipoanza kumiminika mjini. Kabla ya hapo urembo wetu wa kucha sisi watoto ulikuwa maua. Tulichuma petali za maua ya uzio wa zahanati, tukazilamba kwa ndani, tukazibandika kwenye kucha, tukatembea na vidole vimenyooka kama mabibi harusi mpaka upepo ulipotoka ziwani na kuzipeperusha zote. Halafu, nikiwa darasa la nne, wamachinga wa soko la Makoroboi wakaanza kutandaza chini vitu ambavyo hatukuwahi kuviona vikiwa vingi namna ile: vibanio, vioo vya duara, hereni, na katikati yake chupa ndogondogo za rangi ya kucha. Kulikuwa na nyekundu ya nyanya, na bluu, na kijani ambayo sikujua inaweza kukaa kwenye mwili wa mtu. Wakati huo baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo na ameenda Geita kutafuta dhahabu, na habari zake zilitufikia kwa wasafiri tu. Mama ndiye aliyekuwa anatulisha. Jumamosi moja alitoka kazini akapitia Makoroboi, akarudi bila nyama, ana chupa ya bluu.

Kiwandani kulikuwa na sheria ya kucha. Kila asubuhi wanawake walipanga foleni langoni na kunyoosha mikono mbele ya msimamizi, viganja kwanza, kisha vinageuzwa, kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Mwenye kucha ndefu alirudishwa nyumbani, na mwenye rangi naye alirudishwa, na siku yake imekatwa. Pete ilivuliwa, hata iwe ya ndoa. Sheria yenyewe ilikuwa na maana yake, kwa sababu samaki wale walipanda ndege kwenda kuliwa Ulaya, na hakuna anayetaka kukuta kipande cha rangi kwenye mnofu. Mama hakubishana nayo. Lakini alikuwa mwanamke wa Ukerewe, aliyejua kuogelea kabla ya kujua kusoma, na hakupenda kabisa kupangiwa mwili wake. Nilipomuuliza chupa ile ataitumia wapi na mikono inakaguliwa, alivua gambuti zake nyeupe za kazini, akavua soksi, akaninyooshea miguu iliyokunjamana kwa unyevu wa kutwa nzima.

"Mikono ni ya kiwanda," alisema. "Miguu ni yangu. Paka."

Mara ya kwanza nilipaka vibaya mno, nyama ya vidole ikawa bluu kuliko kucha zenyewe. Hakunisema. Aliitazama miguu yake akiigeuza huku na huku, akasema Jumapili ijayo nitapaka vizuri zaidi. Na kweli, kila Jumapili tukitoka kanisani nilikaa chini mbele yake, mguu wake uko pajani mwangu, ulimi wangu uko nje pembeni mwa mdomo. Njiti ya kiberiti iliyotafunwa ncha ikawa brashi yangu. Kichwa cha pini kilitoa vitone vya mviringo, na ncha yake ilivuta vitone hivyo vikawa majani. Plasta ya kidonda, ikikatwa nyembamba na kubandikwa juu ya kucha, ukipaka kisha ukaibandua, inaacha mstari ulionyooka, mradi rangi ya chini iwe imekauka, na kungoja rangi ikauke lilikuwa somo gumu kuliko yote niliyopewa shuleni. Rangi ikiganda tuliizamisha chupa kwenye kikombe cha maji ya moto. Chupa zilipoongezeka nilichanganyia rangi kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya kujipaka, nyekundu na nyeupe zikanipa waridi, bluu na nyeupe zikanipa ziwa la asubuhi. Mitindo niliiba popote: kwenye pindo za khanga, kwenye magauni ya mitumba, kwenye makaratasi ya biskuti.

Kidole gumba cha mguu wa kulia nilikipa samaki. Nilimchora kwa nyeupe, mgongo wa bluu, mkia umepanuka. Mama alimwangalia kwa muda mrefu akaniambia jicho nimekosea, sangara jicho lake lina manjano, yeye anatazamana nalo siku nzima. Nikalirekebisha. Aliniambia baadaye kwamba akisimama kwenye meza ya minofu, maji ya baridi yanapita chini na kisu hakitulii, huchezesha vidole ndani ya buti ili ajue kwamba yule wa kwake yupo. Haikupita muda wenzake wa zamu nao wakaanza kuja nyumbani Jumapili, mmoja analeta sukari, mwingine analeta chupa ya rangi iliyobaki chini kidogo. Jumatatu asubuhi walisimama langoni kwa utii wote, mikono mitupu, na ndani ya gambuti bustani nzima. Msimamizi alipita mbele yao akasema vizuri, endeleeni. Nilipohadithiwa nilicheka mpaka nikalala chini.

Mtu ambaye hakufurahi alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, wa Misungwi. Sitamchafua. Ndiye aliyemlea baba baada ya wazazi wao kufariki, aliuza ng'ombe ili asome, na katika ukoo ule neno lake lilikuwa halina wa kulijibu. Lakini alikuwa mtu anayepima watoto kwa ukimya wao. Alifika kwetu ghafla masika ile, mama yuko kazini, akanikuta kizingitini peke yangu, vidole vyote kumi vina vitone. Mama aliporudi, nilijificha nyuma ya pazia nikasikia kila kitu.

"Huyu mtoto anajilea mwenyewe," shangazi alisema. "Wewe uko na samaki, baba yake yuko shimoni, na yeye anajifunza kujipaka kama wanawake wa baa. Tukikutana wote kwenye jambo lolote la ukoo, nitalisema, na nitaondoka naye."

Mama aliinuka akawasha jiko. Kutobisha kwake kuliniogopesha kuliko maneno ya shangazi. Sikuwa na ubaya wowote na Misungwi, kulikuwa na maziwa na viazi na binamu zangu. Kilichokosekana kule ni mtu mmoja tu, na mimi mtu huyo ndiye niliyemtaka. Jumapili zilizofuata nilipaka kila mara nikidhani ndiyo ya mwisho.

Jambo la ukoo likaja upesi. Babu mdogo wa Igoma, aliyekuwa ananiletea miwa, akafariki, na baba kule Geita habari haikumfikia. Shangazi alinipitia shuleni akanitanguliza msibani; mama angekuja akitoka zamu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, Igoma yote ilikuwa tope, na mama alitembea kutoka barabara ya Musoma na gambuti zake, khanga imefungwa juu ya nguo za kazi. Ndani, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Nilimwona akisimama mlangoni kuvua viatu kama inavyotakiwa, na moyo wangu ukasimama pamoja naye, maana nilijua kilichomo. Angeweza kuingia na soksi. Zilikuwa zimelowa, ni kweli, lakini soksi zilizolowa hazijawahi kumzuia mtu kulia msiba. Alizivua, akazisokomeza ndani ya buti, akaingia pekupeku. Mpaka leo naamini alikuwa ameshaamua tangu barabarani.

Alipiga magoti akamwamkia shangazi, "Shikamoo, wifi," na shangazi akaitikia marahaba huku macho yake yakishuka. Samaki alikuwa pale. Kulia kwake kulikuwa na vitone vyekundu, kushoto mistari ya waridi, na bluu ya ziwa kila mahali. Wanawake kwenye mikeka wakanyoosha shingo.

"Mama Leti, hicho ni nini miguuni?"

"Rangi, wifi."

"Msibani?"

"Nimetoka kazini moja kwa moja. Ndiyo miguu niliyo nayo."

Mwanamke mmoja alikohoa, kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Shangazi aligeuka kwa wenzake. "Si mnaona? Ndiyo maana nasema huyu mtoto simwachi. Tukishazika naondoka naye. Na hiyo rangi itoke sasa hivi, mzee hajazikwa. Leteni wembe."

Wembe ukaletwa, mpya, ndani ya karatasi yake. Mama aliupokea, akaufungua taratibu, akamwinamia shangazi na kumpa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mzima. Kisha akakaa na kuinyoosha miguu ile mbele yake.

"Mimi siwezi kuitoa, wifi," alisema, sauti yake ya kawaida kabisa. "Ni kazi ya mwanangu. Anayetaka itoke, ashike mguu mwenyewe."

Kwenye ukoo wetu mke ndiye anayempigia magoti wifi yake. Ili akwangue kucha zile, shangazi ilimpasa ainame, ashuke chini, auchukue mguu wa mke wa mdogo wake auweke pajani mbele ya wanawake wote wa ukoo. Hicho ndicho nilichokuwa nafanya mimi kila Jumapili bila kujiona nimepungukiwa na kitu. Yeye hakuweza. Aliushika wembe kwa vidole viwili, akautazama, akautazama mguu, na sisi sote tukamtazama yeye. Mvua ilikuwa inapiga bati, na niliishukuru kwa kupiga.

"Basi vaa soksi," alisema mwishowe.

"Sina soksi," mama alijibu.

Gambuti zilikuwa mlangoni, wazi, na soksi moja imening'inia nje kama ulimi. Niliiona. Shangazi aliiona. Hakuna aliyeinuka kwenda kuileta.

"Na Leti haendi Misungwi," mama aliendelea. "Jumapili ana kazi."

Halafu akageukia upande wa marehemu akaanza kumlilia, na alilia kwelikweli, kwa sababu alimpenda mzee yule. Wanawake wakampokea kilio. Nilitambaa kwenye mkeka nikakaa nyuma yake, nikaushika unyayo wake kwa siri chini ya khanga. Ulikuwa baridi na una tope, na sikuuachia mpaka tulipoinuka kwenda kuzika. Tuliporudi kutoka makaburini, shangazi alichukua mfuko wake akaondoka bila kutuaga. Alikwenda peke yake.

Siku hizi Nyamagana, katikati ya mji, imejaa watengeneza kucha. Vijana wa kiume wanazunguka na vikapu vya rangi na kukukalisha kwenye kigoda mbele ya benki, wanabandika kucha ndefu kama vijiko, wanaweka vito, wanakausha kwa taa. Wanaushika mguu wa mteja pajani mchana kweupe na hakuna anayepiga kelele. Nafurahi sana nikiwaona. Watu wa rika langu hupenda kuniambia kwamba zamani tulikuwa na heshima, nami huwauliza ni ile heshima ya wembe au ni nyingine. Sioni kitu cha kurudia kule nyuma, isipokuwa mtu mmoja. Kilichobadilika ni kwamba hawa wanapaka ili waonekane, na mama alipaka bila kutegemea kuonekana, akajua tu kwamba zimo. Mimi kazini navaa viatu vya kufunika. Anayetaka kujua kilichomo, aendelee kutaka.

Mama alifariki masika iliyopita. Jumapili yake ya mwisho nilimpaka mwenyewe kitandani, bluu, na samaki mwenye jicho la manjano, mkono wangu umeshazoea siku nyingi. Wanawake wa jumuiya ya kanisa walikuja kumwosha na kumvisha, na nguo zote nilikuwa nimezinunua kama desturi inavyotaka, gauni jeupe, kilemba, hata soksi. Shangazi aliletwa kutoka Misungwi akiwa ameshikwa mkono, haoni tena vizuri. Walimkalisha kwenye kiti karibu na mlango. Tulipokuwa tunamalizia, aliniita kwa jina langu, akaniuliza kama kucha za mama zina rangi.

"Zina rangi, shangazi. Bluu. Kidole gumba kina samaki."

Aliikusanya mikono yake juu ya fimbo.

"Mvisheni soksi," alisema.

Soksi zilikuwa mkononi mwangu, nyeupe, bado zimo kwenye mfuko wa nailoni.

"Hana soksi, shangazi," nikamwambia.